Wasomaji Wauliza: Pamba, Pia na Mtambo wa Kufumia

Barua za safari hii zimetoka kila pembe ya ukanda wetu wa Ziwa Victoria: Kisesa, Misungwi, Nansio, Kirumba, Ngudu, hadi Musoma. Nyingi zinalalamikia kitambaa, lakini ukizisoma kwa makini unakuta ugonjwa uko kwenye uzi, na mara nyingine kwenye pamba kabla haijawa uzi. Msishangae basi tukijibu swali la kitambaa kwa kuanzia sufuriani au shambani.

Mwangaluka! Nina kilo tano za pamba kutoka shamba letu. Fundi seremala alinichongea pia, kile kijiti chenye kisahani kinachozungushwa kusokota uzi, nzuri kwa macho, lakini uzi unakatika kila baada ya shibiri moja na pia inaanguka chini. Nimechoka kuokota. Kosa langu ni nini? — Msomaji, Kisesa

Mwangaluka, dada. Mkono wako hauna kosa. Pia yako ni nzito, na huenda pamba nayo haijaandaliwa.

Pamba ya ukanda wetu inatokana na mbegu za aina ya UK zilizozalishwa kituo cha utafiti cha Ukiriguru, na nyuzinyuzi zake zina urefu wa milimita 28 hivi. Huo ni upana wa vidole viwili tu. Sufu ya kondoo ina nyuzi ndefu zinazoshikana, kwa hiyo inaweza kubeba pia inayoning'inia hewani. Pamba haiwezi kabla haijapata msokoto wa kutosha. Nyuzinyuzi zinateleza na kuachana, na pia inashuka nazo. Tiba yake ni pia nyepesi inayozunguka huku ncha yake imekaa ndani ya kibakuli au kipande cha kibuyu, ili uzi usibebe uzito wowote.

Unaweza kuitengeneza mwenyewe leo. Tafuta spoki ya baiskeli iliyonyooka, uikate ibaki sentimita 25. Noa ncha ya chini kwa tupa mpaka iwe butu kidogo kama ncha ya kalamu ya wino. Ikiwa kali sana itatoboa kibuyu na kukwama. Ncha ya juu ikunje kwa koleo iwe ndoano ndogo. Kisha chukua kisahani cha mbao ngumu chenye kipenyo cha sentimita 4.5 na unene wa sentimita 1, ukitoboe katikati kabisa, ukichomeke sentimita 3 au 4 kutoka ncha ya chini. Spoki itakuwa na gramu 6 hivi, kisahani gramu 10, jumla 16. Hapo umefika: kati ya gramu 10 na 20 ndio uzito unaofaa. Izungushe bila uzi kwanza. Ikitikisika kama mtu aliyelewa, tundu halipo katikati. Toboa kisahani kingine, usijaribu kukirekebisha kwa kukikwangua upande mmoja.

Sasa pamba yenyewe. Anika pamba mbegu, yaani pamba ambayo bado ina mbegu zake, juani kwa saa mbili au tatu kabla ya kuichambua, yaani kuitoa mbegu, kwa sababu ikikauka vizuri mbegu inaachia kwa urahisi. Weka punje chache juu ya jiwe bapa au ubao laini, chukua nondo laini yenye unene wa kidole kidogo, uibingirishe kutoka kwako kwenda mbele kwa kukandamiza. Mbegu itaruka mbele ya nondo, nyuzinyuzi zitabaki nyuma. Ukiona mbegu zinapasuka, unakandamiza kupita kiasi, na yale maganda meusi yaliyovunjika utakutana nayo tena kwenye uzi, kwani kila kipande ni mahali pa kukatikia.

Baada ya hapo ipepete kwa upinde. Fito ya urefu wa mita moja na uzi mmoja wa nailoni unatosha. Gusisha uzi kwenye pamba, uuvute na kuuachia, pamba itafumuka na takataka zitadondoka. Fanya kazi hii nje, funika pua na mdomo, kwa maana vumbi la pamba linaumiza mapafu ya anayelivuta kila siku. Wenye brashi za kuchania wasipitishe zaidi ya mara nne au tano. Pamba ikichanwa kupita kiasi hufanya vinundu vidogo kama chembe za mchele, na vinundu havitoki tena. Viringisha pamba iliyochanwa juu ya kijiti chembamba, ukichomoe, ubaki na mshumaa mwepesi wa pamba wenye unene wa kidole cha kati. Ukiubana usiwe mgumu. Mshumaa mgumu hauachii nyuzinyuzi, na hapo ndipo uzi unakuwa mnene, mwembamba, mnene, kisha pa!

Unaposokota, mkono mmoja uzungushe pia, mwingine uvute mshumaa nyuma polepole. Usibane kwa nguvu. Ushike kama unavyoshika kifaranga. Kila ukivuta kiasi cha urefu wa mkono, zungusha tena mara kadhaa kabla ya kuukunja uzi kwenye pia, kwani pamba inataka msokoto mwingi kuliko unavyodhani. Kipimo chake: legeza uzi kidogo kati ya vidole. Ukijikunja wenyewe kwa haraka kama mkia wa kinyonga, umetosha. Ukilala tu, ongeza.

Jambo la mwisho ni hewa. Pamba hupata nguvu ikiwa na unyevu. Kwa hiyo anika kwa ajili ya kuchambua, lakini usisokote mchana wa Julai mlangoni penye upepo. Sokota asubuhi, au weka kitambaa kibichi kilichokamuliwa jirani na kapu lako.

Tunataka kuanza kikundi cha kusokota. Tununue pamba kwa wakulima au kiwandani? Na kilo moja inatoa nini? — Msomaji, Misungwi

Kilo moja ya pamba mbegu hutoa kama theluthi moja ya pamba safi, tuseme gramu 350. Kinachobaki ni mbegu. Pamba ya wanakikundi wenyewe itumieni bila shaka, lakini msizunguke mashambani kununua kienyeji, maana pamba ya kuuza ina utaratibu wake wa kupitia vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), na Bodi ya Pamba ipo hapa hapa Mwanza kwa atakayetaka ufafanuzi.

Kwa kikundi kinachoanza tunashauri pamba iliyokwisha kuchambuliwa. Robota moja, yaani furushi la pamba iliyoshindiliwa kiwandani, ni karibu kilo 180, hamtaimaliza. Ombeni kilo chache kutoka robota lililofunguliwa. Viwanda vingi vya kuchambulia pamba vya ukanda huu vinatumia mashine za rola, na rola huzitendea nyuzinyuzi kwa upole kuliko mashine za misumeno, jambo zuri kwetu. Ila pamba ya robota imegandamizwa kama tofali. Msiisokote ilivyo. Ifumueni kwa vidole, muiache usiku kucha kwenye kapu pana ipumue, ndipo muipepete.

Na mbegu zinazouzwa kwa ajili ya kupandwa zisichezewe kabisa. Zimetiwa dawa.

Shikamooni. Natia rangi uzi wa pamba kwa majani ya mwembe. Rangi inashika madoadoa, na baada ya kufua mara mbili inabaki kivuli tu. Maji natumia ya ziwani. Je, maji ndiyo yenye shida? — Msomaji, Nansio, Ukerewe

Marahaba, mwanetu. Maji ya ziwa letu hayana kosa. Ni laini, hayana chokaa nyingi, na kwa kazi hii ni bora kuliko maji ya visima vingi. Uzi wako haujapikwa.

Pamba kwa asili ina nta. Nta ndiyo inayoifanya isinyonye maji ikiwa shambani, na ndiyo inayofukuza rangi yako. Fanya jaribio hili kabla ya kutia rangi yoyote: kata uzi wenye urefu wa kidole, udondoshe juu ya maji kwenye kikombe. Uzi ulioiva huzama ndani ya sekunde chache. Usioiva huelea kama unyasi, hata dakika kumi.

Kwa kila gramu 100 za uzi mkavu, chukua lita 4 za maji, vijiko viwili vya chai vya magadi soda na kijiko kimoja cha sabuni ya kipande iliyokunwa. Kama una magadi ya mawe, yayeyushe kwanza pembeni na kuyachuja, maana yana udongo. Funga shada la uzi sehemu nne kwa mafundo malegevu. Ukiyakaza, pale penye fundo patabaki peupe, na huenda baadhi ya madoa yako yanatoka hapo. Chemsha taratibu saa moja na nusu. Maji yatageuka rangi ya chai ya rangi. Yamwage, rudia kwa maji mapya na nusu ya magadi, kisha fanya jaribio la kikombe.

Tahadhari moja inayosahaulika: sufuria zetu nyingi ni za alumini, na magadi yanaila alumini. Utaona povu la kijivu na sufuria inatoboka kabla ya mwaka. Tumia chombo cha enameli au chuma kisichoshika kutu, na kikishaingia kazi hii kisirudi kupikia ugali.

Halafu kuna kushikiza rangi. Sufu ikipata shabu peke yake inatosheka. Pamba haishiki shabu vizuri mpaka ipewe kwanza kitu chenye ukakasi, ule unaokausha ulimi. Maganda makavu ya komamanga yanafaa sana, gramu 30 kwa uzi wa gramu 100. Usipoyapata, chemsha gramu 50 za majani ya chai ya kawaida, chuja, loweka uzi humo usiku kucha. Utapata rangi ya maziwa yaliyoungua, usijali. Kamua bila kusuuza.

Siku ya pili yeyusha gramu 15 za shabu katika maji ya moto, na pembeni gramu 2 za magadi. Mimina magadi kidogo kidogo ndani ya shabu, kwani yatafura. Tumia ndoo yenye nafasi. Yakitulia, ongeza maji ya vuguvugu mpaka uzi uzame wote, uuache usiku mzima. Suuza mara moja kwa upole.

Majani ya mwembe yaliyokomaa, gramu 300, yachemshe saa moja, uyachuje yote, usiache hata kipande, kwa sababu jani linalogusa uzi linaacha doa. Ingiza uzi ukiwa umelowa tayari. Uzi mkavu hunywa rangi upande mmoja. Usichemshe kwa nguvu, uache maji yatetemeke tu kwa saa moja, ukiugeuza mara kwa mara, kisha uzi upoe humo humo. Utapata njano nzuri ya kudumu. Ukitaka kijani cha kuiva, tia vijiko viwili vitatu vya maji yaliyolowekewa misumari yenye kutu. Si zaidi, kwani chuma kikizidi kinaozesha pamba na baada ya miezi uzi unakatika mkononi. Bizari ya manjano iachie pilau: inang'aa siku ya kwanza, jua la wiki moja linaiondoa.

Mwisho, usisuuzie ziwani. Chota maji, urudi nayo nyumbani. Kichocho kipo kwenye kingo zetu, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka hifadhi ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maji ya magadi na ya shabu yamwagwe kwenye shimo mbali na kisima na bustani.

Mtande unanikatikia kila dakika kumi. Nafuma kwa uzi niliousokota mwenyewe, nyuzi moja moja. Mshindio hauna shida, ni mtande tu. — Msomaji, Kirumba

Ni kawaida, na inatibika. Mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana, unapita mara moja na kulala. Mtande, yaani nyuzi za urefu zinazofungwa mtamboni, unavutwa siku nzima, unasuguliwa na vitanzi vinavyoinua na kushusha nyuzi, unasuguliwa na kitana, lile chanuo la kusukumia mshindio, kila unapopiga. Uzi wa mkono wa pamba, ukiwa mmoja mmoja, unachakaa manyoya mpaka unaachana. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuunganisha nyuzi mbili kwa kuzisokota pamoja kwa kuzungusha pia yako kinyume na ulivyosokota mwanzo. Unapata mtande wa uhakika, lakini unatumia uzi maradufu. Ya pili ni kuupaka uji.

Koroga gramu 40 za unga wa muhogo katika lita moja ya maji baridi, upike dakika 15 ukikoroga, mpaka uwe mwepesi na wa kuteleza, usiwe mzito kama uji wa mgonjwa. Pitisha kwenye kitambaa, kwa maana donge moja likikaukia kwenye uzi halipiti kwenye kitanzi. Tia matone matatu ya mafuta ya kula ili uzi usiwe mkakamavu. Ukiwa vuguvugu, zamisha shada, liminye taratibu uji uingie ndani, kamua sana, lining'inize na ufunge jiwe la nusu kilo chini. Kila baada ya dakika kumi lichanue kwa vidole ili nyuzi zisigandane. Ukiacha bila kuchanua utapata fimbo.

Usianike jioni karibu na taa. Wanaokaa Kirumba wanajua wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Wakitua kwenye uji mbichi, shada zima linakuwa na mabawa, na kuwatoa mmoja mmoja ni kazi ya siku mbili. Anika saa tatu asubuhi, kwa hewa ya kivuli. Na usiweke akiba ya uzi uliopakwa uji: mende na panya wanaupenda, na msimu wa mvua unaota ukungu. Paka wa kutosha wiki mbili.

Angalia pia vitanzi vyako. Vya uzi wa pamba vinasugua. Kwa kuwa uko Kirumba, nenda Mwaloni wanapouza vifaa vya wavuvi, ununue uzi mwembamba wa nailoni wa kushonea nyavu, ufunge vitanzi vipya juu ya ubao wenye misumari miwili ili vyote viwe na urefu mmoja. Nailoni inateleza na haichakai. Hapo hapo nunua sindano mbili tatu za kushonea nyavu. Kwa vitambaa vyembamba zinapitisha mshindio vizuri ajabu, na ni rahisi kuliko kibao cha kuchongesha.

Mteja anataka mtandio wa mita 1.8 kwa sentimita 45. Nitajuaje uzi unaohitajika kabla sijaahidi? — Msomaji, Ngudu, Kwimba

Zungusha uzi wako kwenye rula bila kuubana na bila kuacha nafasi, uhesabu mizunguko ndani ya sentimita moja. Tuseme ni 12. Kwa ufumaji wa kawaida, juu-chini juu-chini, chukua nusu: nyuzi 6 kwa sentimita.

Kitambaa hujikunja kikifumwa na husinyaa kikifuliwa. Kwa upana ongeza karibu asilimia 10: sentimita 50 kwenye kitana. Mara 6, ni nyuzi 300. Kwa urefu ongeza asilimia 15: sentimita 207. Weka 20 za matamvua ya pande zote mbili, na 60 zinazobaki mtamboni bila kufumika. Jumla ni sentimita 287, sema mita 2.9. Mtande basi ni 300 mara 2.9, yaani mita 870.

Mshindio: mara 6 kwa sentimita kwa urefu wa 207 ni kupita mara 1,242. Kila pito ni nusu mita, jumla mita 621. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya kingo na makosa, zifike 683. Ukijumlisha na mtande, unahitaji takriban mita 1,550.

Sasa pima mita 100 za uzi wako kwenye mizani ndogo. Zikiwa gramu 17, mtandio mzima utakula gramu 264. Hiyo ndiyo hesabu ya uzi. Hesabu ya muda ni ngumu zaidi na watu wengi wanaikwepa: mkono uliozoea unasokota mita 50 hivi kwa saa kwa pia. Mita 1,550 ni saa 31 kabla hujakaa mtamboni! Mwambie mteja ukweli huo unapotaja bei. Kama hawezi kuilipa, mpe mtande wa uzi wa kiwandani na mshindio wa mkono. Utasokota saa 14, na kitambaa bado kitakuwa na ule uhai wa uzi wa mkono, kwani mshindio unaonekana sawa na mtande. Ila mweleze wazi uzi upi ni upi.

Kabla ya kukabidhi, kifue kwa maji ya moto kiasi na sabuni, kikauke, ukipige pasi kikiwa na unyevu. Kikisinyaa, kisinyae mkononi mwako.

Kitambaa changu kinaanza sentimita 50, kikifika katikati ni 44. Kingo zinakatika. — Msomaji, Buswelu

Unavuta mshindio ukiwa umenyooka. Ukishapitisha, ulaze kwa mshazari au kama upinde ndani ya mwanya wa nyuzi za mtande, halafu ndipo upige kitana. Ule urefu wa ziada unahitajika kupanda na kushuka kwenye nyuzi zote za mtande. Kama hauupati katikati, unaupora pembeni. Tumia pia kijiti cha kutanulia: kipande cha mwanzi chenye upana sawasawa na kitana, kikiwa na sindano mbili kila ncha. Kihamishe kila sentimita tatu, usingoje kumi. Kingo zikishaanza kukatika, usiendelee kwa matumaini. Rudi nyuma, fumua mpaka palipo sawa.

Mwalimu wetu anasema watu wa huku hawakuwahi kufuma, walivaa ngozi tu mpaka merikani, kile kitambaa cha pamba cha Marekani, ilipokuja. Ni kweli? — Mwanafunzi, Mwanza

Ngozi zilivaliwa, ndiyo, na jirani zetu wa Buganda na Kagera walikuwa na nguo za magome ya miti. Lakini wasafiri wa karne ya 19 waliwakuta Wanyamwezi wakifuma pamba yao kwenye mtambo unaolazwa chini, na Wafipa wa Rukwa waliendelea kufuma mpaka karne ya 20. Pwani ni zamani zaidi: Kilwa, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya duara vilivyotobolewa katikati, vizito vya pia za kusokotea. Merikani na kaniki zilizokuja na misafara zilikuwa za bei rahisi, na mfumaji aliyehitaji siku nyingi kwa nguo moja hakuweza kushindana. Mwonyeshe mwalimu wako barua hii kwa adabu.

Tupo wanawake tisa, tuna mtambo mmoja wa vikanyagio. Kila mtu anataka zamu yake, na kila mara tunapoteza siku mbili kutandika mtande mpya. Ugomvi umeanza. Tufanyeje? — Katibu wa kikundi, Musoma

Poleni, mama. Acheni kutandika mtande wa mtu mmoja mmoja. Tandikeni mmoja wa watu watatu.

Chukueni ule mtandio wa Ngudu hapo juu. Kila mmoja akitandika peke yake anatumia mita 2.9, na sentimita 60 za mwisho zinatupwa. Watu tisa ni mita 26.1. Lakini watu watatu kwa pamoja wanahitaji mita 2.3 kila mmoja na sentimita 60 mara moja tu, yaani 7.5. Mara tatu ni mita 22.5. Mmeokoa mita 3.6, na kwa nyuzi 300 hizo ni mita 1,080 za uzi, saa 22 hivi za kusokota. Msijaribu kuwaweka wote tisa kwenye mtande mmoja. Mita 21 zinalifanya gogo la kuviringishia mtande liwe nene, nyuzi za ukingoni zinateleza na kulegea, na mnaofuma mwisho mtalia.

Mnapoviringisha mtande kwenye gogo, wekeni karatasi ngumu ya mifuko ya saruji kati ya kila mzunguko, iwe pana kuliko mtande kwa sentimita tano kila upande. Mmoja avute, mwingine aviringishe, wa tatu aangalie nyuzi. Mkiubana sawasawa mara hii, hamtagombana nao baadaye. Mtande uwe wa rangi moja mliyokubaliana. Kila mtu alete mshindio wake, na hapo hakuna kitambaa kinachofanana na cha mwenzake.

Wanaosubiri zamu wasikae bure. Siku ya kikundi, watatu wafume na kujaza mshindio, watatu wasokote, watatu wapike uzi au kutia rangi, halafu mbadilishane wiki inayofuata. Wekeni daftari moja mtamboni, la kurasa ngumu: tarehe, uzi, gramu zilizoingia, nyuzi kwa sentimita, upana kwenye kitana na upana baada ya kufua. Bandikeni kipande cha sentimita tano cha kila kitambaa. Daftari hilo litawaonyesha ni uzi wa nani unasinyaa zaidi bila mtu kumnyooshea mwenzake kidole.

Kuhusu mtambo wa pili, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kiwe kimesajiliwa, kina katiba na akaunti ya benki. Nendeni na daftari lile na vitambaa vitatu vilivyokwisha kufuliwa na kupigwa pasi. Na kabla ya kuagiza mtambo kwa seremala, pimeni mlango wa chumba mtakamouweka. Fremu ya upana wa mita 1.2 haipiti kwenye mlango wa sentimita 80 isipokuwa imefungwa kwa boliti, si kwa gundi na misumari.